Bwawa la Theluji

Pampu zilinguruma tangu alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi bwawa la Thabalehloa lilikuwa limebaki tope na vidimbwi. Msimu wa baridi, mashine za kutengeneza theluji hunywa maji yake usiku na mchana. Lakini hii ilikuwa Januari, kiangazi, na bwawa lilikuwa likivuja, kwa hiyo wenyewe wakaamua kulikausha ili walizibe. Fundi mmoja alichoma koleo kwenye tope, akagusa kitu laini. Akainama kutazama. Kisha akavua kofia, akaishika kifuani, na wenzake wote wakavua zao bila kuambiwa.

Juu kidogo mtelemkoni, chini ya viti vya lifti vilivyoning'inia vitupu, Inspekta Nthatuoa Sekhobe alikuwa akimenya pichi. Alikuwa ametoka Maseru na mumewe, Ntate Moorosi, kwa mapumziko mafupi ambayo daktari alikuwa amemlazimisha kuyachukua kwa ajili ya presha. Moorosi ndiye aliyechagua mahali. "Kiangazi pale hakuna watalii," alimwambia. "Hoteli kubwa zimefungwa. Kuna nyasi na kondoo. Hata wewe huwezi kupata kesi."

Sasa aliona mkewe akifuta mikono kwenye sketi.

"Usishuke, nakuomba."

"Nakwenda kuangalia tu."

"Ulisema hivyo hivyo kwenye harusi ya dada yangu, ukaondoka na bwana harusi kwenye pingu."

Lakini Nthatuoa alikwisha kushika njia.

Sajenti Ralikonyana, askari pekee wa mji ule, alifurahi kumwona kama mtu aliyeona daraja. Na kweli daraja ndilo lililokuwa shida: mvua ya radi ya jana ilikuwa imelichukua, na wapelelezi wa wilaya wasingefika kabla ya kesho.

"Nisaidie, 'Me," alisema, akimwita mama kwa heshima. "Mimi nimezoea wezi wa kondoo."

Maiti ilikuwa ya mwanamume. Ubaridi wa maji ya mlimani ulikuwa umemhifadhi kuliko ilivyopendeza kutazama. Alivaa koti jekundu la walimu wa kuteleza kwenye theluji, na miguuni viatu vyao vile vigumu, vizito kama ndoo, ambavyo mtu hawezi kuvitembelea mbali. Alikuwa amefungiwa katika blanketi fupi lililoishia mapajani. Ndani ya blanketi mlikuwa na mawe matatu makubwa, kila moja limeungua na kuwa jeusi upande mmoja.

"Ni Lebuajoang," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Lebuajoang alikwenda Johannesburg Julai," sajenti alipinga.

"Basi hakufika, Ntate."

Mzee mmoja kati ya mafundi alitema mate pembeni. "Ndiyo maana ile miluzi," akasema. "Tangu Julai, ukungu ukishuka, mtu anapiga mluzi huko juu, vile vile Lebuajoang alivyokuwa akiwaita wanafunzi wake. Sisi tulidhani masikio yetu yameharibika."

Nthatuoa aliinua macho mlimani. Jana jioni, ukungu uliposhuka, yeye mwenyewe aliusikia. Alidhani ni mchungaji. Kisha akakumbuka kwamba hapakuwa na kondoo upande ule.

Alipiga magoti topeni. Blanketi lilikuwa limebanwa kwa pini kifuani, katikati kabisa.

"Sajenti, wewe blanketi lako unalibana wapi?"

"Begani, 'Me. Bega la kulia. Kama mwanamume yeyote."

"Na mkeo?"

Ralikonyana aliangalia kifua cha maiti. "Kifuani."

"Huyu hakujifunga mwenyewe," Nthatuoa alisema. "Amefungwa na mkono uliozoea kuwafunga wanawake."

*

Mphonyane, mke wa Lebuajoang, aliishi nyuma ya kanisa. Hakuvaa nguo za msiba. Angezivaaje, na mji mzima ulimjua kama mwanamke aliyekimbiwa? Alipoambiwa, alikaa chini polepole kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Blanketi lina rangi gani?" aliuliza hatimaye.

"Bluu, mistari ya manjano."

"Si la kwetu." Akatazama juu. "Unafikiri nimemuua mimi."

"Nafikiri aliyelibana ni mwanamke. Mligombana?"

"Kila siku! Alianza kunywa. Usiku alikuwa akiamka analia, nikimuuliza ananiambia nilale. Akawa anasema ataondoka, atakwenda Johannesburg, hawezi tena kuutazama mlima huu. Siku moja hakurudi kutoka kazini. Nikangoja. Asubuhi nikaambiwa ameonekana akipanda gari."

"Nani alikuambia?"

"'Me 'Malineo wa nyumba ya wageni. Alikuja mwenyewe, kaniletea na mkate. Akaniambia, mwanangu, usimlilie, wanaume ndivyo walivyo."

Malefetsane walimkuta kwenye kibanda cha lifti akipaka mashine grisi. Alikuwa mwalimu mwenzake Lebuajoang, na sasa ndiye mwalimu mkuu. Alipoona sare ya sajenti, aliweka kopo la grisi chini.

"Ulipigana naye," sajenti alimrukia. "Watu waliwatenganisha!"

"Nilimpiga. Sikatai. Lakini nilimpiga Juni, na alikuwa hai, akaniambia asante."

"Asante?" Nthatuoa aliuliza.

"Akasema afadhali mtu mmoja amempiga." Malefetsane alishusha macho. "'Me, kuna jambo sikulisema. Msimu wa baridi wa mwaka wa kabla, msichana mmoja aliyetusaidia kazi alifia mlimani. Lebuajoang aliapa kwamba ukungu ulimkuta ghafla. Uongo. Ukungu ulikuwa umeshatanda. Yeye alikuwa amelewa, akamtuma yule mtoto apande peke yake kuokota bendera za njia. Mimi nilijua, nikanyamaza ili nisipoteze kazi."

"Msichana gani?"

"Lineo."

"Binti wa 'Me 'Malineo," sajenti aliguna. Nthatuoa akauliza swali ambalo lilionekana dogo.

"Na wewe, nani alikuambia kwamba Lebuajoang amekwenda Johannesburg?"

"Kila mtu alisema."

"Wa kwanza."

Malefetsane alifikiri. "'Me 'Malineo."

"Sajenti, na wewe?"

Ralikonyana alivua kofia yake, akajikuna. "Huyo huyo, 'Me. Niliandika kabisa kwamba shahidi amemwona. Sikumuuliza mwingine."

*

Nyumba ya wageni ya 'Me 'Malineo ndiyo pekee iliyokuwa wazi kiangazi, na humo ndimo Nthatuoa na mumewe walimolala. Walipofika, mwenyeji wao alikuwa uani akikoroga ugali. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya upole iliyowafanya wageni wazungumze taratibu. Moorosi alikuwa amekaa barazani na gazeti. Alipomwona mkewe na sajenti, alilikunja.

Nthatuoa alitazama mekoni. Sufuria ilikuwa nyeusi ya miaka mingi, imeganda masizi kama gome. Lakini mafiga yaliyoibeba yalikuwa mapya, yana moshi wa miezi michache tu.

"Habari za bwawani nimezisikia," 'Malineo alisema. "Maskini Mphonyane."

"'Me, ulimwona Lebuajoang akipanda gari?"

"Nilimwona. Alfajiri, pale njia panda."

"Alivaa nini?"

"Koti lake jekundu. Na mfuko begani."

"Miguuni?"

"Viatu vya ngozi, vile vya kanisani."

"Leo nimemkuta na viatu vya kazi, 'Me. Mtu hasafiri kwenda Johannesburg na viatu vya theluji, wala havai koti la kazi siku ya kuondoka. Alikufa siku ile ile aliyotoka kazini. Alfajiri hiyo hukumwona njia panda."

Mwiko ulisimama.

"Labda macho yangu—"

"Mafiga ya zamani yako wapi?"

'Malineo aliuachia mwiko. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Uliziba kilele, kisha nguzo za lifti, moja baada ya nyingine. Halafu wote wakasikia, mbali, juu mtelemkoni: mluzi, mfupi, kisha mrefu. Moorosi akasimama. Sajenti akashika msalaba shingoni mwake.

"Ni upepo kwenye nguzo," Moorosi alisema.

'Malineo alikaa chini kwenye udongo, miguu kaikunja kama wanawake wanavyokaa msibani.

"Alikuja jioni, na viatu vyake hivyo hivyo," alisema. "Nilimpenda, mjue. Mwanangu alipokufa yeye ndiye aliyemteremsha mgongoni. Mwaka mzima nikampikia. Jioni ile akapiga magoti hapa, akaniambia ukweli. Kwamba alimtuma. Akaniomba nimsamehe, kama mtu anayeomba maji."

"Ukamfanyaje?"

"Nilimpa bia. Akanywa, akalala pale barazani alipokaa mumeo. Theluji ilikuwa inaanza. Nikaingia ndani, nikafunga mlango."

"Ulijua atakufa."

"Nilijua. Nilikaa nyuma ya mlango. Baadaye aliamka, hakuwa na nguvu ya kugonga. Alipiga mluzi. Aliniita kwa mluzi, 'Me, kama alivyokuwa akiita watoto mlimani. Nikaziba masikio." Akatazama ukungu. "Tangu hapo anaita. Nyumba hii haina mlango anaoshindwa kupitia."

"Na blanketi?"

"Asubuhi nilimwona, na barafu kwenye kope. Nikamwonea huruma. Nimuue, kisha nihofie asipate baridi! Blanketi la Lineo lilikuwa limening'inia mlangoni. Nikambana kifuani kama nilivyokuwa nikimbana mwanangu akienda shule. Nikamkokota kwenye ubao wa kuni hadi bwawani. Nikachukua mafiga, kwa sababu mawe mengine yote yalikuwa chini ya theluji."

Lango lililia. Mphonyane alikuwa amesimama pale. Hakuna aliyejua tangu lini. Alikuwa ameshatupa shuka jeusi mabegani.

"Uliniletea mkate," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Ungemuua tu ukaniachia maiti, ningekuchukia wewe. Nimemchukia yeye. Nimemtukana mezani, mbele ya mtoto wake. Maneno yale nitayarudishaje sasa?"

'Malineo aliinamisha kichwa. Sajenti alimsaidia kusimama kwa adabu, kama mtu anayemwinua mama yake, akamwongoza njiani kuelekea kituoni. Moorosi ndiye aliyeuondoa ugali motoni, ulikuwa umeanza kuungua.

Mphonyane alimgeukia Nthatuoa. "Twende wote nyumbani. Sitaweza kumwambia Puleng peke yangu."

Walimkuta mtoto mlangoni, msichana wa darasa la pili, akisuka nyasi. Mama yake alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Puleng, nilikuambia baba yako ametukimbia. Haikuwa kweli. Hakwenda Johannesburg. Hakwenda popote."

"Alikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Amefariki, mwanangu. Alikuwa bwawani."

Puleng alilitazama tope kwenye sketi ya mgeni, akaitazama barabara inayoteremka bwawani, kisha akamrudia mama yake.

"Hata siku ile tulipokwenda kurusha mawe majini? Ulipocheka?"

"Hata siku ile."

Nthatuoa, aliyekuwa ameketi na wauaji katika vyumba vingi, aligeuza uso.

"Basi alitusikia," Puleng alisema.