Mgeni wa Mwisho wa Katibu

Mke wa Fundi alifariki alfajiri. Mchana wa siku hiyo hiyo simu ya marehemu ikalia, na Fundi ndiye aliyekuwa nayo mfukoni.

Alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, kaka zake upande huu, majirani upande ule, wanawake ndani wakipokezana kulia. Hospitali walimkabidhi simu hiyo pamoja na ndala na miwani, akaitia mfukoni bila kufikiri. Sasa ilimtetemekea pajani. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Mgeni wa Jumatano.

— Haloo?

Kisha sauti nzito ya mwanamume, ikienda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

— Katibu... yupo? Nimefika hapa... kwenye mzunguko. Mji umebadilika sana. Nikate kulia au... kushoto?

— Kushoto. Ukipita kituo cha mafuta utaona duka la dawa. Ukumbi uko nyuma yake, geti la bluu.

Yalimtoka yenyewe. Miaka yote alimsikia mke wake, katibu wa klabu, akiwaelekeza wageni kwa maneno hayo hayo.

— Asante, kaka. Mwambie... nimekuja. Mwambie nimejitahidi.

Simu ikakatika. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

— Nani huyo, shemeji?

— Mgeni wao wa klabu.

— Radi?

Fundi akamgeukia taratibu. Jina hilo halikuwahi kutajwa nyumbani kwake tangu kabla watoto hawajazaliwa.

— Radi yupi?

— Jamani... nilidhani unajua. Si ndiye dada alikuwa anaongea naye kule kwenye kamba ya nguo? Nilimsikia mwenyewe akimwita kwa jina.

Fundi akapokea chai, lakini hakuinywa.

Ile kamba aliijua. Tangu mvua zianze, mke wake alikuwa akichukua simu anatoka nje, anasimama chini ya kamba isiyo na hata soksi moja, anaongea kwa sauti ya chini na wakati mwingine kucheka. Yeye alikuwa akimwangalia dirishani, redio ya mteja imefunguliwa mezani. Alijiambia atamuuliza. Siku moja umeme ukakatika, siku nyingine wakaja wageni. Kisha kichwa kikaanza kumuuma mke wake, na kilipoanza hakikumpa nafasi.

Sasa amuulize nani?

Klabu yenyewe ilikuwa ya watu wa kawaida: mwenye duka la dawa ndiye mwenyekiti, walimu wachache, mwoka mikate, washonaji wawili watatu. Walikutana Jumatano mchana. Walipaka rangi wodi ya wazazi, walitengeneza viti vya magurudumu, walikusanya viatu vya michezo kwa ajili ya shule. Na ili watu wasichoke na ajenda, kila mkutano walimwalika mwanamichezo mmoja aje azungumze. Kuwatafuta hao ilikuwa kazi ya katibu, ambaye miaka ile alikuwa msichana, mwalimu wa netiboli, aliyeweza kulibembeleza jiwe likakubali kuimba. Alimleta golikipa aliyesimulia bao moja tu alilofungwa, kwa saa nzima. Alimleta mkimbiaji wa mbio ndefu ambaye hotuba yake, kama mbio zake, ilikuwa haioneshi dalili ya kufika.

Fundi aliitwa kufunga spika. Siku ya kwanza alishika maikrofoni akaanza kujaribu.

— Moja, mbili. Moja, mbili. Moja, mbili.

— Kaka, tatu hujafundishwa? — sauti ya Katibu ikauliza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Jumatano iliyofuata akajaribu mpaka tatu. Iliyofuata akafika nne. Alikuwa anakaribia kumi alipopata ujasiri wa kumwomba namba ya simu.

Akachelewa kidogo, maana Radi alikuwa ameshaingia. Bingwa wa masumbwi, mabega kama kabati, suti nyeupe. Alialikwa mara moja, akawa anakuja hata asipoalikwa, na kila akija alivuta kiti meza ya mbele, karibu yake, kwa ajili ya Katibu. Watu wakaanza kuuliza harusi lini. Jumatano moja akaichukua maikrofoni ya Fundi na kusema:

— Mikanda yote nimeshachukua. Umebaki wewe.

Watu wakapiga meza. Katibu akasimama, akaipokea ile maikrofoni.

— Mheshimiwa Mwenyekiti, hilo halimo kwenye ajenda. Tuendelee.

Walicheka, na Radi naye alicheka, lakini alikunywa maji glasi nzima.

Jioni ile Fundi alikuwa anakunja waya, hamtazami usoni.

— Kwa hiyo unaolewa na bingwa.

— Nani kasema?

— Ukumbi wote umesikia.

— Umemsikia yeye. Mimi umenisikia?

— Haya, basi sema.

— Maliza kwanza kukunja waya wako, usije ukaniangukia miguuni ukadhani ni mapenzi.

Walioana mwaka ule ule. Radi hakuja, wala hakutuma salamu, akaondoka mjini. Fundi aliishi na mke wake kwa raha, akamwita Katibu hata mbele ya watoto, na hakumuuliza kamwe kwa nini alimchagua yeye. Alijua ameshinda pambano lile. Hakujua ameshinda kwa pointi zipi. Na mtu asiyejua alishindaje, hata miaka ikipita, huwa anasubiri marudiano.

Saa za alasiri ujumbe ukaingia kwenye simu yake mwenyewe: "Fundi pole sana. Tumemkuta mgeni wa Katibu amekaa peke yake nje ya ukumbi. Hana habari. Tumemwambia. Tunakuja naye. Mwenyekiti."

Walipoingia getini, Fundi hakumtambua. Mabega yalikuwepo, lakini yalikuwa yameshuka. Suti imepigwa pasi vizuri. Mkono wa kushoto ulishika fimbo, na wa kulia ulikuwa unatetemeka wenyewe, kama unaitikia wimbo ambao wengine hawausikii.

— Huyu naye anatafuta nini hapa leo? — shemeji akanong'ona, si kwa sauti ya chini sana. — Hana hata haya.

— Muache, shemeji, — akasema Fundi, akainuka. — Bwana, twende nyuma.

Wakaenda nyuma ya nyumba, chini ya ile kamba.

— Kwenye simu... hukuniambia, — akasema Radi.

— Nilikuwa sijalisema bado kwa mdomo wangu. Sikutaka wewe uwe wa kwanza.

Radi akatikisa kichwa kukubali.

— Umekuwa ukiongea na mke wangu.

— Ndiyo.

— Mlikuwa mnaongea nini?

— Nilikuwa... namkatalia.

Fundi akahisi mikono inakunjika ngumi, jambo la kuchekesha mbele ya mtu yule.

— Unamkatalia nini?

— Kuja kuzungumza. — Radi alivuta pumzi katikati ya maneno, na Fundi akalazimika kumsubiri. — Nilipata kiharusi. Mdomo huu... siku hizi haunisikii. Akapata habari, akanipigia. Nikakataa. Wiki iliyofuata akapiga tena. Nikakataa tena. Akasema klabu inawafanyisha mazoezi... wagonjwa wa kiharusi pale hospitali. Kuna wengine hawatoki vitandani kwa aibu. Akasema, nataka wamwone mtu mkubwa... akiongea polepole bila kujificha.

— Mbona hakuniambia?

— Nilimwapisha. Nilisema, mwambie yeyote ila... si yule wa maiki. Huyo asinione hivi.

Fundi akageuka kulitazama dirisha lake.

— Alikuona dirishani, — Radi akaendelea. — Aliniambia. Alisema, mume wangu ananiangalia na haniulizi, niruhusu nimwambie. Mimi ndiye... niliyemzuia. Nisamehe, ndugu yangu.

— Sasa kwa nini umekuja, kama ulikuwa unanikwepa?

— Alinishinda. Alisema, huwezi kumkwepa, yeye ndiye atakayekufungia maiki. Akasema... wewe nong'ona tu. Mume wangu atafanya usikike mpaka barabarani.

Upepo ukaitikisa kamba. Fundi akaishika ili itulie.

— Nikuulize kitu, — akasema. — Uliwahi kumuuliza... siku ile. Kwa nini?

— Nilimuuliza mwezi uliopita. Nikaona nimeshazeeka, aibu ya nini tena.

— Akasemaje?

Radi akaangalia chini, akiyapanga maneno ili yasimponyoke.

— Alisema mimi nilitaka akae mbele ili watu waone... bingwa ana nani. Mafundi wenzako wakishafunga mitambo, wanakaa. Wewe unatembea mpaka nyuma kabisa ya ukumbi... kusikiliza aliyeko kule anasikia nini. Akasema hata nyumbani humpigii kelele kutoka chumba kingine. Unakuja mpaka alipo. Akasema... mwanamke gani aache hiyo akachukue mkanda?

Tangu alfajiri Fundi hakuwa amelia. Alikuwa amesaini, amepiga simu, amepokea mikono ya watu. Sasa alilia kama mtoto, ameishikilia kamba ya nguo. Radi akamwekea mgongoni ule mkono wa kulia, na ikawa vigumu kujua ni nani kati yao anayetetemeka.

Shemeji akatokeza kwenye kona, macho makali.

— Shemeji! Amekufanya nini huyu?

— Lete chai nyingine. Ya mgeni.

Shemeji akasimama, akawaangalia wote wawili, ukali ukamwishia njiani.

— Sukari? — akauliza.

— Nyingi, — akasema Radi.

— Bondia gani anakunywa sukari nyingi?

— Aliyestaafu.

Shemeji akafunika mdomo, akicheka na kulia kwa pamoja, akarudi jikoni.

Walimzika. Baada ya hapo Mwenyekiti akaja kwa upole kusema kwamba Jumatano inayofuata klabu ingepumzika.

— Mgeni amealikwa, amefika, na hajazungumza, — akasema Fundi. — Hayo mambo Katibu hakuyapenda.

— Utaweza, lakini?

— Nitafunga maiki tu. Sihutubii mimi.

Wagonjwa waliletwa kutoka hospitali, wengine kwa viti vya magurudumu vilivyotengenezwa na klabu. Radi alizungumza kwa muda mrefu na hakusema mengi. Alisimulia alivyojifunza upya kufunga vifungo vya shati. Aliponaswa na neno, alisimama nalo mpaka likatoka, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu kila mtu alikuwa analisikia likija. Mama mmoja wa kwenye kiti, ambaye manesi walisema hajaongea tangu alazwe, aliinua mkono kuuliza swali. Lilimchukua muda. Alitaka kujua kama ngumi zinauma.

— Sana, — akasema Radi, na ukumbi ukacheka, mama yule akiwa wa kwanza.

Klabu bado inakutana Jumatano mchana. Radi amehamia mjini kwa dada yake, na hufika hospitali kila wiki. Katibu mpya hajachaguliwa. Kila suala hilo likiletwa, Mwenyekiti huliahirisha. Kwa sasa anayewaalika wageni ni Fundi, na Jumatano ijayo atakuja mama mmoja aliyekuwa mwogeleaji.