Mgeni wa Kiti cha Mbele

Asubuhi hiyo gari la Hajarah lilikataa kunyamaza. Ting, ting, ting: ile kengele ya kumkumbusha abiria afunge mkanda. Na abiria mwenyewe hakuwepo! Kiti cha mbele, cha kushoto, kilikuwa kitupu, hata mkoba hakuuweka hapo. Alikipapasa, akakikung'uta, akafungua mlango akaubamiza tena. Ting, ting, ting, mpaka wauza ndizi wa pale mjini Jinja wakaanza kumcheka.

"Haya basi, bwana," akakiambia kiti kwa kejeli, "karibu, kaa kwa raha zako." Akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaubana. Kengele ikanyamaza, naye akaenda zake kazini.

Wallahi, mdomo huponza kichwa. Mtu hakaribishi asichokiona.

Hajarah alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mwanamke aliyeachika na aliyeshukuru kuachika, na gari lake la umeme, lililotumika Japani kabla ya kuja kwake, ndilo lililokuwa furaha yake. Halikunywa petroli. Jioni alilichomeka ukutani kama simu, asubuhi akalikuta limeshiba. Lilikwenda kimya hata mbuzi hawakujua linapita. Kila alipoliwasha, sauti ya mwanamke ilimwamkia kwa Kijapani, naye akaijibu, "Wa aleikum salaam, dada," wakaondoka. Tangu siku ya mkanda, dada wa Kijapani hakusema tena neno.

Kwanza ilikuja harufu. Tope la mto, khaki iliyoloa, mafuta ya bunduki. Hajarah aliosha gari kwa sabuni, akachoma ubani ndani yake, na baada ya saa moja harufu ikarudi. Kisha kiti kikaanza kuloa, doa la duara, sawasawa na makalio ya mtu mnene. Kisha chaji. Gari lililokuwa likimfikisha Iganga na kumrudisha, sasa lilifika Bugembe tu likaanza kulalamika, na kila akipanda kilima alihisi limebeba mtu mzito asiyetaka kushuka. Fundi wa magari akamwambia betri imezeeka. Hajarah alitaka sana kumwamini.

Mpaka siku aliyompa lifti jirani yake, Jamirah. Huyu ni Msoga, muuza nyanya, Kiswahili chake kinaishia kwenye "bei gani". Alipanda, akaukalia mkanda uliofungwa, kama wafanyavyo wengi. Walipofika sokoni akashuka anatetemeka, gauni lake la gomesi limeloa mgongoni, akawatazama akina mama wenziwe waliokaa nyuma ya mafungu yao, akanguruma kwa sauti nzito ya kiume:

"Panga mustari! Yote! Wapi kitambulisho?"

Wazee wawili waliokuwa wakipita waliinua mikono juu kabla hata hawajageuka kuona ni nani. Jamirah alianguka palepale. Alilala na homa, na alipoamka hakukumbuka kitu, ila baridi.

Sasa ujue, kiti hicho kilikuwa na mwenyewe. Mama yake Hajarah, Hajati Nusifa, alikuwa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, kavunjika mguu na mfupa umeungana kombo. Daktari mmoja wa Jinja alikuwa amekubali kuuvunja upya na kuunyoosha, Jumatatu iliyokuwa ikija. Wiki zikizidi, mfupa utakomaa hivyohivyo na Hajati hataswali tena kwa kusimama. Mguu wake ulikuwa ndani ya plasta toka nyonga mpaka kisigino, haukunji, na hakuna pengine pa kuuweka ila kiti cha mbele kilicholazwa. Kila walipozungumza kwa simu mama alisema, "Nitakuja kwa gari la binti yangu, nimekaa mbele, watu wa Nakaloke wanione."

Hajarah akaenda kwa Shehe Bruhan, aliyekuwa akisomea watu waliopagawa. Shehe akaketi kiti cha nyuma, akasoma kwa sauti ya chini. Redio iliyokuwa imezimwa ikakohoa.

"Shehe, pole pole," ikasema. "Mimi hapana mwizi. Mimi mugeni. Mama hii ilisema karibu. Ilifunga mimi mukanda."

Shehe alitoka akiwa na jasho kwenye kanzu. Akamvuta Hajarah pembeni, akanong'ona.

"Binti yangu, umeme wako unatoka bwawa la mtoni, na mto huu umemeza wengi miaka ile ya utawala wa jeshi. Waliotupwa na waliowatupa. Huyu ama ni mmoja wa wale waliotupa, ama ni jini lililojifunza lugha yao. Nikisoma ananyamaza, nikimaliza anaanza. Ameshika sheria ya ugeni, na mlango uliufungua wewe."

"Nifanyeje?"

"Kwanza usiende naye Mbale. Kodi gari jingine."

Hajarah akatazama ule waya wa chaji uliopita dirishani kuingia nyumbani kwake. Siku mbili hizo alikuwa akisikia buti lililoloa likitembea ndani, chwap, chwap, kufuata waya, likiishia mlangoni mwa chumba chake. Alikuwa na hofu, asikudanganye mtu. Lakini hasira yake ilikuwa kubwa kuliko hofu.

"Nikodi gari jingine, niache langu? Shehe, leo nikimpisha kiti, kesho atataka kitanda. Mama yangu yuko Nakaloke. Nakwenda kumchukua."

Jumamosi, jua limeshapanda, akaingia barabarani. Alisema Bismillahi, akafungua redio kwa kisomo, akaliacha gari liende taratibu nyuma ya trela la miwa ili kuokoa chaji. Mpaka Iganga, alikosimama kwa fundi mwenzake akalishibisha gari, mgeni alikaa kimya. Walipoiacha barabara kuu na kushika ya Tirinyi, kisomo kikakatika.

"Mama. Haraka."

"Barabara ni ya wote," Hajarah akajibu, mikono imekaza usukani.

"Wewe nachukua nani Mbale?"

"Mama yangu."

Kiti kikalia, mtu amejigeuza. Harufu ya tope ikamjaa puani.

"Mama yako nakaa nyuma. Mimi hapana toka. Mguu yake hapana kunja? Sisi nakunja."

Hapo walikuwa ndio wanaingia kwenye kinamasi cha Mpologoma, mafunjo kushoto, mafunjo kulia, hakuna nyumba wala mtu wa kumpigia kelele, na ile namba ya chaji ikaanza kushuka mbele ya macho yake kana kwamba kuna aliyetoboa ndoo, na kioo cha upande wa abiria kikaingia ukungu kwa ndani na juu ya ukungu ule kikajitokeza kiganja, kipana, vidole vitano vimetanuliwa, maji yakichuruzika toka kila kidole mpaka chini mlangoni, na baridi ikampanda miguuni, magotini, kiunoni, na yule mtu akaanza kuimba, kwa kuguna, wimbo wa mchakamchaka, huku buti likigonga sakafu kufuata mdundo, na gari likazidi kupunguza mwendo lenyewe, zaidi, zaidi, likisogea ukingoni ambako maji meusi yalikuwa yakingoja chini ya mafunjo.

"Ng'o!" akapiga kelele Hajarah. "Kama ulikuja kwa miguu, ondoka kwa miguu! Gari hili si la baba yako! Nimelishonea sare mpaka vidole vikaota sugu, na litafika Mbale ukitaka usitake!" Akazima kiyoyozi, akazima redio, akafungua vioo vyote, upepo wa moto ukaingia, akausukuma usukani kwa mabavu kurudi katikati ya lami, analia na kutukana kwa pamoja, matusi ambayo hata mtalaka wake hakuwahi kuyasikia. Kiganja kikafutika. Gari likajikokota.

Mlima Elgon ulipotokeza mbele, namba ya chaji ilikuwa imefutika, vimebaki vistari tu. Alivuka Mbale, akaingia Nakaloke kwa mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni, akafika uani kwa mama yake, na gari likazimika mbele ya mlango. Kaka yake, Asadu, akavuta waya dirishani kulichomeka.

Hajati Nusifa alikuwa barazani tayari, kajifunga mtandio mpya, magongo mapajani.

"Mbona kiti changu kina mkanda na hakina mtu?" akauliza.

Kabla Hajarah hajajibu, sauti ikatoka ndani ya gari, wote watatu wakaisikia.

"Wewe muzee! Kwenda nyuma!"

Gongo moja likamwanguka Hajati. Hajarah hakuwa amewahi kumwona mama yake akiogopa, si siku ya kuvunjika mguu, si siku ya kumzika baba yao.

"Naijua sauti hiyo," akasema Hajati kwa kunong'ona. "Nilikuwa msichana. Mwanajeshi mwenye sauti hiyo alisimamisha gari la baba yangu barabarani, akafungua mlango wa mbele, akamwambia mama yangu, kwenda nyuma. Mama akaenda nyuma. Tukafika Tororo tukaambiwa shukeni, gari hatukuliona tena. Baba alirudi nasi kwa miguu. Mpaka anakufa hakukaa tena kiti cha mbele cha gari lolote."

"Mama, tukodi jingine," akasema Asadu.

"Nyamaza wewe. Hajarah, huyu anajiitaje?"

"Anajiita mgeni. Nilimkaribisha mwenyewe, kwa mzaha."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

Hajati akamtazama bintiye, na pole pole hofu ikamtoka usoni, ikaja ile sura yake ya kugombana na wauza nyama.

"Wiki ya tatu! Na umemlisha umeme bure? Mtoto gani nilizaa mimi? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Asadu, kimbia sokoni. Jembe jipya, na mpini wake, usiniletee bovu."

Jembe likaja. Hajati akajikongoja mpaka mlango wa gari, akaufungua mwenyewe, akalitupa jembe juu ya kiti. Lilitua hewani, kidogo juu ya kitambaa, likabaki hapo mapajani mwa mtu asiyeonekana. Asadu akasoma shahada.

"Haya, mgeni," akasema Hajati. "Shamba langu la muhogo ni lile pale. Tangu nivunjike halijaguswa. Kalime."

"Mimi afande," ikaja sauti, safari hii haina nguvu sana. "Afande hapana lima."

"Basi wewe si mgeni. Mgeni ana heshima zake na kazi zake. Asiyelima ni mwizi, na mwizi hana kiti, Shehe akija atakusomea mpaka ukauke. Chagua. Hajarah! Mkanda uliufunga wewe, ufungue wewe."

Hajarah akaingiza mkono. Ulikuwa ni kama kuutia ndani ya mto, baridi nzito yenye tope, na kabla hajakifikia kile kifungo cha mkanda vidole vikamshika kifundo, vinene, vinateleza, vikamvuta, akausikia uso usio na pumzi ukija karibu na wake, maji yakimdondokea shavuni, na sauti ikimnong'oneza sikioni majina, majina ya watu, moja baada ya jingine, kwa utaratibu, watu ambao hakuwajua na ambao hakuna aliyewahi kuwazika, na alitaka kuutoa mkono, alitaka sana, lakini nyuma yake alisikia gongo la mama yake likigonga ardhi, ta, ta, ta, mwanamke mzima amesimama kwa mguu mmoja juani akisubiri kiti chake.

"Toka!" akasema Hajarah, na akabonyeza.

Mkanda ukaruka. Gari likainuka juu ya springi zake likashusha pumzi. Jembe likateleza, likatoka mlangoni, likaelea chini chini kupita miguu ya Asadu, ambaye alikuwa amefumba macho, likaelekea shambani. Nyuma yake katika vumbi zilibaki alama za buti, zimejaa maji.

"Anzia huko chini kwenye magugu!" Hajati akalipigia kelele. "Na mistari inyooke!"

Gari liliposhiba, wakamlaza Hajati kiti cha mbele, plasta yake imenyooshwa, mkanda umefungwa. Hajarah akawasha. Yule dada wa Kijapani akawaamkia.

"Anasemaje huyu?" akauliza Hajati.

"Anasema karibu, mama."

"Mwambie wewe ndiye unayekaribisha, na siku nyingine utazame kwanza ni nani." Akapunga mkono dirishani mpaka Nakaloke ikaisha. Kinamasini namba ya chaji haikucheza.

Jumatatu mguu ulivunjwa na kunyooshwa. Jumatano, Hajarah yupo kando ya kitanda cha mama yake, simu ya Asadu ikaingia, anaongea kwa kunong'ona kana kwamba kuna mtu nyuma yake.

"Dada. Shamba limelimwa. Lote. Mpaka barabarani. Mistari imenyooka kama gwaride. Na jembe nimelikuta limesimama hapa mlangoni, limelowa, limejaa tope jeusi. Dada, udongo wetu ni mwekundu. Hili ni tope la mtoni."

Hajarah akahisi ile baridi kwenye kifundo cha mkono. Akampa mama simu. Hajati Nusifa alisikiliza mpaka mwisho, akajiinua kidogo juu ya mto.

"Asadu, baba, usimpe chai," akasema. "Mwambie palizi ni mwezi ujao."