Friji Iliyomng'ata Salha

Hedi na mkewe Salha walikuwa na siku tatu tu katika nyumba waliyoinunua mjini Béja, Tunisia. Salha alishika mlango wa friji, akaruka nyuma.

"Hedi! Friji inauma!"

Hedi akacheka. "Tangu lini friji ikaota meno, mke wangu? Izoee nyumba."

Nyumba aliichagua Hedi mwenyewe. Alikagua paa, akagonga vigae, akafungua kila bomba. Nyaya hakuzitazama.

Salha aliposema tena, Hedi alimwambia anatafuta kisingizio cha kurudi kwa mama yake. Salha akachukua kitambaa kikavu. Akawa anafungulia friji kwa hicho.

Ijumaa alipiga deki, yuko pekupeku. Kitambaa akakisahau. Hedi akasikia kishindo. Akamkuta mkewe chini, mkono umeganda kwenye friji.

"Usimguse!" alipiga kelele jirani yao, Bi Wasila, fundi umeme mstaafu, akiingia mbio mlangoni. Alikimbilia kwanza swichi kuu, akaizima. Ndipo wakamshika Salha, wakamkimbiza hospitali. Alikuwa hai, kiganja kimeungua vibaya.

Kesho yake Bi Wasila alifungua soketi, kisha boksi la swichi kuu.

"Waya wa ardhi haupo. Umeme ukivuja kwenye bati la friji, waya huo ndio unaoupeleka ardhini. Usipokuwepo, umeme unapita kwa mtu. Na hapa, badala ya fyuzi wameweka kipande cha waya mnene! Huu haukatiki hata nyumba ikiungua."

"Sasa nifanyeje?"

"Usiwashe kitu. Leta fundi mwenye leseni apime nyumba nzima. Hili hufanywa kabla ya kununua, Hedi. Kwani mkeo hakuhisi kitu?"

Hedi aliinamisha kichwa. "Alisema. Mara mbili."

"Na wewe?"

"Nilicheka."

Mafundi walibadilisha nyaya zote. Waliweka waya wa ardhi, na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Friji haikuuma tena. Lakini vidole viwili vya Salha havikukunjika tena.

"Nisamehe," Hedi alimwambia.

"Nilishakusamehe. Nifungie vifungo, nachelewa."

Ndiyo ikawa kazi yake kila asubuhi, kumfungia mkewe vifungo vya gauni. Siku moja Salha akasema, "Taa ya ukumbini inachezacheza."

Hedi aliacha kifungo cha tatu wazi. Akaenda kuzima swichi kuu, kisha akabisha hodi kwa Bi Wasila.