Mlango Mweupe wa Ilka

Harufu ya siki ndiyo iliyotangulia, na kosa la Nives ni kwamba alikuwa ameizoea. Aliyewahi kushika filamu za zamani anaijua: mkanda ukianza kuoza hutoa siki kali ya kukata pua. Lakini mikanda ya kazi hii ilikuwa ghalani, ng'ambo ya pili ya Roma. Chumbani kwa Nives mlikuwa na kompyuta, skrini kubwa, pazia jeusi na kiti, basi. Akadhani saladi yake ya mchana imemwagika mahali. Akapiga deki, akaendelea na kazi.

Filamu yenyewe iliitwa Mjane wa Agosti, na ilizaliwa na balaa lake. Katika miaka ya sabini mahakama iliamuru nakala zichomwe, mapadri wakailaani madhabahuni, na wale wale waliowasikiliza mapadri asubuhi wakapanga foleni jioni. Ilikuwa habari ya mapenzi ya chumbani, miili mitupu na vilio vya raha. Sasa kuna watu wanaoitaka kwenye diski, ndani ya sanduku la fahari, safi utadhani imepigwa jana. Nives ndiye msafishaji: vumbi, madoa, mikwaruzo, picha moja baada ya nyingine. Bosi wake, mzee Furio, aliitaka nakala kuu kabla mji haujafungwa kwa likizo ya Agosti.

Kuna onyesho moja lililowaudhi mahakimu kuliko yote. Ilka, msichana wa Kihungaria, yuko peke yake chumbani, na nyuma yake pana mlango mweupe. Anageuka, anauegemea, anafumbua mdomo, na sauti inayotoka ni ya mwanamke aliyezidiwa na raha. Kwenye mlango ule Nives akaona mikwaruzo, mistari minne minne, ambayo mashine ya kusafishia ilikuwa haijaigusa. Hapo angepaswa kushtuka. Mkwaruzo wa filamu hautulii. Picha hii upo, picha inayofuata umehama. Hii ilikuwa imetulia tuli. Lakini joto lilikuwa la kuua, shingo inauma, na fundi akichoka kila kitu kwake ni uchafu. Akaifuta yote kwa mkono wake, mlango ukabaki mweupe pe.

Alipoinuka kwenda kunywa kahawa, mlango wa chumba chake ulikataa kufunguka. Mlango wenyewe hauna kitasa wala kufuli, unausukuma tu. Akasukuma kwa mkono, kwa bega, kwa mgongo. Nje mafundi wawili walikuwa wakibishana habari za mpira, akawaita, na sauti yake ikatoka nusu. Halafu mlango ukaachia wenyewe, taratibu. Wale wawili wakaapa kwamba hawakusikia mtu.

Kule hawasemi jini, wanasema roho. Liite upendavyo, kazi yake ni ile ile. Kila siku mlango ulimshikilia Nives muda mrefu zaidi, na kila siku sauti yake ilipungua, hadi mwenye duka la mkate akawa anamwinamia kumsikiliza. Siki ikamfuata kwenye nguo na nywele. Na kulikuwa na mlio: kucha zikikwaruza mbao, zikipumzika, zikianza tena. Nives alikuwa mwanamke wa kujitegemea, asiye na mume wala ndugu karibu, na wazo la kufungiwa mle bila sauti ya kuitia halikumtoka.

Akamweleza Furio. Mzee akacheka, ila mkono ulizama mfukoni kushika funguo, kama wafanyavyo watu wa huko balaa likitajwa, wanagusa chuma.

"Ukitaka likizo, sema," alimwambia. "Usinisingizie mizimu."

Akaenda zake baharini na mafundi wote, akamwachia amalizie peke yake.

Nives akarudia picha za mwanzo, zile za kabla ya kusafishwa, akazikuza mpaka mwisho. Mistari ilikuwa ndani ya mbao, usawa wa kifua, na ndani ya mistari mlikuwa na rangi ya kahawia. Kisha akautazama mdomo wa Ilka, akazima sauti. Bila sauti, pale hapakuwa na raha yoyote. Enzi zile filamu zote za nchi ile zilitiwa sauti baadaye, na aliyemsemea Ilka bado alikuwa hai, anakaa mtaa wa Garbatella, mle mle Roma: Bibi Ersilia, aliyewasemea nusu ya warembo wa zama zake. Nives akampigia, akamnong'oneza yote alivyoweza.

Bibi alikuja mchana wa jua kali, na upepeo mkononi na kikapu cha nyanya alizopitia kununua. Kwanza alihakikisha hakuna aliyevaa zambarau, maana watu wa jukwaani wanaikimbia rangi hiyo. Kisha akaketi, akaonyeshwa onyesho bila sauti, na upepeo ukasimama.

"Mwanangu, kazi yangu ilikuwa kutazama midomo," alisema. "Nilijua anasema nini. Walimfungia kweli, bila kumwambia, ili woga uwe wa kweli. Tangu chakula cha mchana mpaka giza. Mimi nikaambiwa nigune kwa raha."

Nives akauliza kwa ishara, ni nani waliomfungia.

"Mkubwa, mwongozaji wa filamu, alitoa amri. Ufunguo alishika kijana wake wa kutumwa. Muulize bosi wako, ndiye yeye."

Mlango ukajifunga. Siki ikapanda mpaka macho yakatoka machozi, na kukwaruza kukaanza, safari hii si kwenye skrini wala ukutani bali kwenye ubao wa mlango ule ule ulio mbele yao, upande wa ndani, mahali ambapo hapakuwa na mtu, mistari minne ikichimbika polepole huku unga wa mbao ukidondoka sakafuni, kisha minne mingine, kisha mingine kwa pupa, na Nives akafumbua mdomo apige yowe asisikie chochote, hata pumzi yake, akajua kwamba ile sauti iliyokuwa ikipungua siku zote hizo sasa imekwisha na hakuna duniani atakayejua wamo humu.

"Rudisha mikwaruzo," Bibi Ersilia alinong'ona. "Umemfutia ushahidi wake. Rudisha."

Nives akairudisha, picha moja, picha nyingine, mpaka mlango mweupe wa Ilka ukawa na majeraha yake yote. Bibi akasimama mbele ya skrini, akaweka mkono sikioni kama zamani studioni, akausubiri mdomo ule ufumbuke, akausemea sawasawa.

"Nifungulieni. Tafadhali. Nifungulieni mlango."

Mlango ukaachia, upepo wa barabarani ukaingia, na siki ikaisha. Nives akalia kwa sauti, na kuisikia sauti yake kukamliza zaidi.

Alimpigia Furio huko pwani, akamwambia neno moja: mlango ule asiuguse. Furio akasema sawa. Lakini alirudi mjini kabla ya wenzake, akajifungia na kompyuta, akaifuta mikwaruzo yote, mmoja mmoja, kama mtu mwenye haraka ya kumaliza jambo lake.

Nives aliporejea kazini Septemba alikuta koti la Furio kitini, funguo zake mezani, sigara ikifuka moshi. Mwenyewe hayupo. Chumba kilinuka siki. Kwenye skrini onyesho lilikuwa likienda, na Ilka hakuwemo tena. Pale mlangoni alisimama mzee wa shati la mikono mifupi, ameipa kamera mgongo, na ubao mweupe ulikuwa ukichimbika, juu zaidi kuliko mara ya kwanza, usawa wa bega la mwanamume. Akageuka: Furio. Akafumbua mdomo. Hakikutoka kitu.

Nives akampigia Bibi Ersilia, akamweleza yote akihema, akamsihi achukue teksi aje upesi, maana huyu naye anahitaji mtu wa kumsemea.

"Mdomo wake unasema nini?" aliuliza bibi.

"Nifungulieni."

Kwenye simu ilisikika nyanya ikikaangwa.

"Pole yake," alisema Bibi Ersilia. "Mimi maisha yangu yote nimewasemea wanawake tu."