Alama za Kuuliza za Dokta Mwakatundu

Saa mbili asubuhi Dokta Asajile Mwakatundu, aliyefariki miaka thelathini na minane iliyopita, aliitikia salamu.

"Marahaba," alisema. "Maji yako wapi leo?"

Sauti ilitoka kwenye Nguzo-Sauti, mnara wa kioo uliosimama katikati ya Chumba cha Mto, jijini Lwandali. Akili unde iliyokuwa ndani yake ilikuwa imelishwa madaftari yote ya Dokta na kanda chache za mihadhara yake, hata ikajua alivyofikiri na alivyokohoa kabla ya kujibu. Iliundwa ili haidrolojia, yaani sayansi ya maji, isizikwe pamoja na wataalamu wake. Mafundi wote waliiamkia kabla ya kuiuliza jambo, maana mkubwa ni mkubwa tu, hata akiwa umeme.

"Mita sita na sentimita kumi, Dokta, na milimani mvua haijakatika," alijibu Injinia Gwakisa, mkuu wa chumba. "Tuwahamishe watu wa Isyeto?"

Isyeto ulikuwa mtaa wa nyumba mia tatu kando ya mto, nyuma ya ukuta wa mita saba. Nguzo ilikohoa kidogo.

"Mto huu haujawahi kuvuka mita sita na nusu. Ukuta unatosha."

Gwakisa alishusha pumzi. Kuhamisha mtaa mzima kwa mvua si mchezo, na mwezi ule watu walikuwa wametoka kuvuna mpunga, maghala yamejaa.

Sekela, mhifadhi wa madaftari ya kale, alikuwa amekaa dirishani na kikombe cha chai kilichopoa. Alikuwa mwanafunzi wa mwisho wa Dokta, na ndiye aliyeyaingiza madaftari yale ndani ya Nguzo. Ile sita na nusu aliijua vizuri. Ilipomfikia masikioni, alikiweka kikombe chini.

Dokta alikuwa na tabia yake. Namba aliyoipima aliiandika kwa wino. Namba aliyokuwa na shaka nayo aliiwekea alama ya kuuliza kwa penseli nyekundu, na pembeni akaeleza kwa nini. Alama hizo zilizidi mia mbili. Sekela hakuingiza hata moja. Alimpenda mno mwalimu wake, na hakutaka watoto wa baadaye waseme mzee alikuwa akibahatisha. Alimsafisha kama watu wanavyomvisha marehemu suti ambayo hakuwahi kuivaa uhai wake.

Saa tatu kasoro, skrini ya mto ilizimika. Kipimamaji cha darajani kilikuwa kimesombwa, na namba yake ya mwisho ilikuwa sita na sentimita arobaini.

"Bupe," Gwakisa alimwita fundi wake, "vaa koti. Shuka darajani ukakisome kwa macho kile kipimo cha zamani kilichochorwa ukutani. Dakika tano tu."

Bupe, mama wa watoto wawili, alianza kufunga kamba za buti.

"Kaa chini, Bupe," alisema Sekela.

"Mama, mimi ndiye mkuu hapa," Gwakisa alimjibu, kwa adabu lakini kwa ukali.

"Najua, Injinia. Ila Dokta anayekujibu humu si Dokta mzima. Nimempunguza mimi."

Mficha uchi hazai. Sekela aliwaambia yote wakiwa wamesimama, kisha akafungua kabati, akatoa daftari lililokuwa limekunjamana kwa unyevu, akaliweka mbele ya jicho la Nguzo. Akausoma kwa sauti ukurasa wa siku ya mafuriko makubwa ya zamani.

"'Mita sita na nusu? Nimekisia. Asubuhi nilimtuma msaidizi wangu Andongwisye akasome kipimo. Hajarudi. Sikupaswa kumtuma.'" Akafunga daftari. "Niliona maneno haya si sayansi. Nikayaacha nje."

Bupe alizifungua kamba za buti taratibu. Gwakisa alimtazama Sekela kwa hasira. Mwanga wa Nguzo ulipanda na kushuka.

"Sijui," ikasema.

Kwa miaka kumi na mmoja ya kazi, hakuna aliyewahi kuisikia ikitamka neno hilo.

"Mto huu unafika wapi, sijui. Siku ile hakuna aliyeona. Watoeni watu wa Isyeto sasa hivi. Na asiende mtu kwenye kipimo."

Gwakisa alibonyeza king'ora. Kufikia saa sita mtaa mzima ulikuwa shuleni mlimani, watu wamelowa, wananung'unika kwa ajili ya mpunga wao. Saa nane maji yaliruka ukuta. Yalibeba daraja, yakabeba maghala na nyumba nyingi. Mtu hayakubeba hata mmoja.

Jioni, mvua ilipopungua, Gwakisa alifungua daftari la siku. Alikuwa bado hajamsamehe Sekela, na Sekela hakumwomba.

"Kipimo hatuna," alisema. "Niandike ngapi?"

"Andika saba na nusu," alijibu Sekela. "Weka alama ya kuuliza."

Gwakisa akaiweka.

"Na pembeni?"

Sekela alitazama nje, kule daraja lilikokuwa. Macho yalimjaa machozi.

"Andika kwamba leo hatukumtuma mtu."