Kipande cha Bati Shingoni mwa Fundi Makochi

Fundi makochi alikutwa amekaa kwenye kochi ambalo hakuwahi kulimaliza. Nusu yake ilikuwa imevishwa kitambaa cha kijani, nusu sponji tupu, naye alikuwa ameegemea upande wa sponji, kichwa kimelala begani, utadhani kapitiwa na usingizi. Damu ndiyo iliyokataa. Upande wa kushoto wa shingo palikuwa na tundu dogo, la kuingia ncha ya kidole.

"Risasi," alisema Koplo asubuhi ile ya Jumatatu, na neno likashika njia. Kufika saa nne mtaa mzima ulijua fundi kapigwa risasi. Kufika saa sita mtaa ulikuwa umeshampata na muuaji: mwenzake wa karakana, mkata vitambaa, ambaye kila mtu alimwita Mkasi. Si Jumamosi tu mwenye duka la rangi la jirani aliwaona wameshikana mashati? Ushahidi gani tena! Mkasi akatiwa mahabusu.

Inspekta aliyepewa kesi alikuwa mama wa makamo. Kituoni walimwita Mama Mbona nyuma ya mgongo wake, na yeye alijua, wala hakujali. Jumatano alikuwa bado na mbona zake. Mbona hakuna ganda la risasi? Mbona vidole vya marehemu vimeungua? Mbona huyo Mkasi, kila akitajiwa marehemu, analia badala ya kujitetea?

Muda haukuwepo. Alhamisi asubuhi Mkasi angefikishwa mahakamani kusomewa shtaka la mauaji. Mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa kituoni tangu Jumatatu, na kila Inspekta alipopita korido alisimama kwa shida, akishika kiuno, akitarajia neno. Inspekta hakuwa nalo. Alianza kupitia mlango wa nyuma, na akajionea aibu.

Mchana daktari wa maiti akampigia simu.

"Njoo uone. Hiyo siyo risasi."

Kwenye kisahani cha chuma kilikaa kipande cha bati jembamba, kimejikunja, ukubwa wa ukucha. Kwa ndani kilikuwa na mistari ya skrubu.

"Bomu?" aliuliza Inspekta.

"Sijui ni nini. Najua kilipasukia wapi. Meno mawili ya mbele yamevunjika, ulimi umeungua. Alikuwa nacho mdomoni."

"Mdomoni?"

"Mdomoni, Inspekta. Kipande hiki kikakata mshipa mkubwa wa shingo. Jumapili mchana, kwa makadirio yangu. Hakuchukua hata dakika tano."

Inspekta alirudi kituoni mbio mbio, akaagiza Mkasi atolewe.

"Jumamosi mligombania nini?"

"Nimeshasema, afande. Mambo ya kazi."

"Mambo gani ya kazi?"

Mkasi aliinamisha kichwa. "Sipendi kumsema marehemu."

"Mseme. Kesho unasomewa mauaji yake."

"Lile lisigara lake la umeme," alisema Mkasi. "Karakana imejaa gundi na sponji, cheche moja tu tunaisha. Yeye analichomeka kwenye umeme na hapo hapo analivuta, waya unaning'inia kidevuni! Nikamwambia, kaka, subiri lijae, uchomoe, ndiyo uvute. Ananicheka. Jumamosi nikalichomoa kwa nguvu, akanikaba shati, nami nikamkaba. Basi. Nikaondoka nimekasirika. Hata kwaheri sikumwambia."

"Mbona hukusema tangu Jumatatu?"

"Mliniuliza bunduki iko wapi. Siku tatu, bunduki, bunduki. Nani aliniuliza sigara?"

Inspekta alinywea.

Alifungua orodha ya vielelezo. Nyundo moja, mikasi mitatu, kopo la gundi, miwani, simu ya marehemu. Sigara ya umeme haikuwemo. Chaja haikuwemo. Akatazama picha za eneo la tukio, moja moja, pua karibu iguse karatasi. Karibu na goti la marehemu palikuwa na ekstensheni, swichi imewashwa, haijachomekwa kitu. Tundu moja lilikuwa na masizi. Hapo kuna kitu kilichochomolewa, na maiti hachomoi.

Nani aliingia karakana wa kwanza? Hilo halikuhitaji jalada. Ni mdogo wake marehemu, fundi simu, aliyepiga simu polisi huku akilia hadi Koplo akashindwa kumwelewa.

Kibanda cha fundi simu kilikuwa mtaa wa pili. Alikuwa kazini, kaka yake hata hajazikwa, macho yamevimba, bisibisi mkononi na simu iliyofunguliwa mbele yake. Alikuwa haifanyi chochote. Anaitazama tu.

"Pole, baba," alisema Inspekta.

"Nimeshapoa, mama."

Inspekta aliweka mezani mfuko mdogo wenye kile kipande cha bati. Fundi simu alikitazama, halafu akatazama pembeni.

"Mtu yeyote ningemwekea kitu hiki angeniuliza ni nini," alisema Inspekta. "Wewe mbona huulizi?"

Fundi simu aliinamia tena ile simu.

"Chaja iko wapi?"

"Chaja gani?"

"Mwanangu, kuna mtu mahabusu. Mkewe karibu anajifungua. Chaja iko wapi?"

Bisibisi ilimponyoka. Alivuta droo ya chini kabisa, akatoa mfuko wa plastiki: chaja kubwa ya simu, ya zile zinazojaza haraka, waya ulioyeyuka, na mrija wa chuma uliochanika.

"Mimi ndiye niliyemwua," alisema. "Wallahi sikukusudia, lakini ni mimi."

"Eleza."

"Baba yetu alikufa kwa sigara. Mapafu yalimwisha, tunamwona. Kaka naye akawa anavuta paketi mbili kwa siku. Nikamnunulia hii ya umeme ili aache zile. Na aliacha, mama! Miezi minane hakugusa. Halafu betri ikachoka. Ikawa haimalizi saa moja. Na aliyezitengeneza hakuwa mjinga, ukiichomeka inajizima, haivutiki mpaka uchomoe. Kaka akaja hapa kakasirika, akasema, mimi nanunua paketi yangu ya sigara nipumzike."

"Ukafanya nini?"

"Nikaifungua. Nikaweka betri niliyoitoa kwenye nyingine mbovu. Kile cha kuizima nikakiruka kwa kiwaya. Nikampa na chaja hiyo, ina nguvu kuliko inayotakiwa, na nilijua. Nikamwambia sasa vuta tu, hata ikiwa kwenye umeme." Alijifunika uso. "Nilijiona fundi."

"Na Mkasi? Mbona ulimwacha ateseke?"

"Nilijua hamtapata bunduki. Nikadhani mtamwachia wenyewe." Akavuta pumzi. "Mama yetu aliniuliza, nani kaniulia mwanangu? Nikanyamaza. Mtaa ukamjibu. Nikaona heri amchukie Mkasi kuliko kunichukia mimi. Sina mwingine, afande. Mwambie wewe, tafadhali. Mimi siwezi."

"Utamwambia mwenyewe."

Saa kumi na moja Mkasi alitoka mahabusu. Mkewe alimshika uso kwa mikono miwili. Inspekta alimwomba radhi mbele ya askari wote, maana lilimpasa, kisha akaingia chumba cha mahojiano, ambako mama wa marehemu alikuwa ameshakaa, kanga ya msiba kichwani.

Kijana alisema yote. Hakujipunguzia. Kiwaya, betri, chaja, Mkasi. Mama alisikiliza akiwa ameushika mkono wake, na hata alipofika mahali pabaya kabisa hakuuachia.

"Kwa hiyo ulitaka aache sigara," alisema mama.

"Ndiyo, mama."

"Na alikuwa ameacha."

"Alikuwa ameacha kabisa."

Mama alitikisa kichwa taratibu. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. Inspekta alidhani mahojiano yamekwisha, akafunika kalamu.

"Niambie kimoja tu," mama alisema. "Jumatatu, ulipofungua mlango ukamkuta kaka yako. Ulianza na nini?"

Kijana hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Ulimshika kwanza, mwanangu? Ulimwita? Ulimfumba macho?"

"Nilianza na chaja, mama."

Hapo ndipo mama alipouachia mkono.