Jina Nililolificha Nyuma ya Nyota Saba

Kofi lilitua kwenye shavu langu la kushoto, mbele ya foleni nzima ya mapokezi.

"Nafasi ya mwanangu umempa nani?"

Nilikuwa bado nimeshika gundi mkononi. Orodha nilikuwa nimeibandika ubaoni dakika kumi tu zilizopita.

"Mama, tulia. Unaongea nini?"

"Jumatano mwanangu alikuwa namba kumi na mbili. Wewe mwenyewe ulinionyesha kwa kidole. Leo ni wa kumi na tatu. Amerudi nyuma kwa miguu yake?"

Binti yake wa miaka saba alikuwa amekaa sakafuni, midomo ya bluu, anahema kama aliyetoka mbio wakati hajatembea hata hatua kumi.

Nikageuka kuangalia ubao. Kumi na tatu.

Ngoja niwaeleze, msije mkanihukumu bure. Naandika yote leo, maana kesho huu ujasiri sitakuwa nao.

Hospitali yetu haina madaktari wa moyo. Wanakuja mara mbili kwa mwaka, wanakaa wiki moja, wanapasua watoto kumi na wawili, wanaondoka. Ukiwa wa kumi na mbili, umepona. Ukiwa wa kumi na tatu, unasubiri miezi sita mingine, na wapo wasiofika.

Zamani orodha ilikuwa kwenye daftari, imeandikwa kwa penseli ili iwe rahisi kurekebisha. Na kweli ilirekebishwa...

Mwanangu wa pekee alikuwa namba kumi na moja. Siku ya kubandika akawa wa kumi na nne. Kwenye daftari palikuwa pamefutwa mpaka karatasi imekwanguka. Alifariki mwezi wa tano wa kusubiri, ana miaka minne.

Mume wangu alilia kuliko mimi. Alisimama pale pale mapokezi akamlaani aliyeshika kile kifutio, yeye na kizazi chake.

Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu hapo hapo hospitalini. Msiba ulipoisha nikajikaza kisabuni, nikaenda kwa Daktari Mkuu nikamwambia orodha naomba niishike mimi, na isikae tena kwenye daftari.

Nikajifunza kutengeneza programu ya kumbukumbu kwenye kompyuta ya ofisi. Miezi minane, jamani. Madaktari wanapanga nani atangulie kwa hali ya moyo wake, mimi naingiza. Ukitaka kubadili namba, kinatokea kisanduku kinadai nywila, yaani paswedi.

Tatizo likawa moja. Kile kisanduku kinachokuja na programu yenyewe kinaonyesha kila herufi waziwazi. Anayepita nyuma ya kiti chako anajisomea tu kama tangazo la mnada. Nilitafuta pa kuziba, hapakuwepo.

Nikaamua kutengeneza fomu yangu mwenyewe. Ndogo tu: mstari mmoja wa maelezo, kisanduku kimoja, kitufe cha kukubali na cha kughairi. Kwenye mipangilio ya kile kisanduku nikachagua kila herufi ionekane nyota. Nikaongeza na kitu kingine: kila nywila ikikubaliwa, programu inaandika siku na saa.

Daktari Mkuu alicheka.

"Dada, hapa ni wodi ya watoto, siyo ghala la silaha."

Nyie nitawaambia nilichomficha.

Mnajua mwanamke akishazaa anavyoitwa. Mama Fulani. Miaka minne niliitwa kwa jina la mwanangu, sokoni, kazini, hata na mume wangu. Siku tuliyotoka makaburini watu wakaacha. Ni huruma tu, najua. Lakini jina lile halikutamkwa tena na mtu, hata nyumbani kwangu. Nikabaki "Dada wa Kumbukumbu".

Basi nikalifanya nywila.

Kila asubuhi nilifika, nikawasha kompyuta, nikaliandika. Nyota saba zinajipanga, orodha inafunguka. Watu waliona nyota. Mimi nilikuwa nimemsalimia mwanangu.

Turudi kwenye lile kofi.

Daktari Mkuu aliposikia kelele alikuja, akanivuta hadi ofisini kwetu, akafunga mlango.

"Fungua."

Nikafungua. Faili moja lilikuwa limetolewa namba kumi na tisa likawekwa namba sita. Wote kuanzia wa sita hadi wa kumi na nane walishuka ngazi moja, na yule binti wa kumi na mbili akaangukia nje.

Kwenye kumbukumbu za kuingia paliandikwa: Alhamisi, saa saba na dakika ishirini mchana. Nywila sahihi.

"Sahihi maana yake ni wewe," akasema.

"Alhamisi saa saba nilikuwa wodini na wewe, Daktari. Tulikuwa tunahakiki mafaili."

Kweli alikuwa nami.

"Basi kuna mtu umempa."

"Sijampa mtu."

"Kuna aliyeichungulia kwenye kioo."

"Haichunguliki. Zinatoka nyota."

"Basi tunarudi kwako." Akasimama. "Usiiguse hii kompyuta. Nataka jibu kabla sijatoka leo. Jumatatu wageni wanaanza kupasua, siwezi kuwapa orodha iliyochezewa."

Alipotoka tu, damu ikanichemka. Nikamgeukia mwenzangu wa meza ya pili, yule tunayemwita Dada Kalamu kwa kuwa kila siku anaazima kalamu na hairudishi. Yeye ndiye anayepokea watoto wapya na kufungua mafaili yao. Ofisi ile tunakaa wawili tu.

"Kumbe ni wewe."

"Mimi nini?"

"Umeingia kwenye orodha yangu."

Aliweka chini kikombe chake. Nilidhani angefoka. Hakufoka.

"Nimeingia kwa paswedi gani?"

"Jina la mwanangu. Usijifanye hujui."

Akavuta kiti chake karibu na changu.

"Dada, mimi nimehamia hapa mwaka jana. Mwanao sikumkuta. Jina lake hujawahi kunitajia hata siku moja, na mimi niliogopa kukuuliza."

Ilikuwa kweli. Tangu tuzike, pale kazini sikumtajia mtu jina lile.

Akaendelea taratibu, kama anayepima kila neno.

"Alhamisi ulipokuwa wodini, Shemeji alikuja. Alikuwa anatengeneza friji ya chanjo. Akasema anakusubiri, akakaa kwenye kiti chako. Mimi nikaenda kula."

Shemeji ni mume wangu. Fundi wa majokofu. Hospitali inamwita kila friji ya chanjo ikigoma, kwa hiyo hakuna mlinzi anayemuuliza anakwenda wapi.

Nikakumbuka jioni moja alikuja kunichukua, nikamwonyesha ile fomu kwa majivuno. Nikaandika mbele yake. Akaangalia zile nyota, midomo ikawa inahesabu.

"Saba," akasema. Halafu akanishika bega, wala hakuuliza kitu. Mimi nikadhani ni upendo.

Lakini kwa nini? Ana mgonjwa gani yeye? Ubaoni tunabandika namba za mafaili, si majina, na faili la namba sita mimi sikuwahi kulishika. Watoto kumi na wawili wa ubaoni walikuwa wameshaanza kulazwa asubuhi ile. Nikapanda wodini.

Nilimkuta muuguzi wa zamu katikati ya vitanda, ana kipima joto mkononi. Alikuwa mgeni, hanijui. Akaangalia faili, akaita.

"Mama..."

Akataja jina la mwanangu.

"Abee," nikaitika.

"Abee," akaitika mwanamke mwingine, dirishani.

Miaka miwili na miezi miwili sikuwa nimeitwa hivyo. Niliitika kabla sijafikiri. Wodi nzima ikatuangalia, mama wawili wa jina moja.

Kitandani kwa yule mwanamke alikaa mtoto wa kiume, mdogo, anachezea mfuniko wa chupa. Masikio yale nilikuwa nayajua. Kile kidevu nilikuwa nimekiosha mara elfu.

"Ana umri gani?" nikauliza.

"Mwaka mmoja na miezi kumi na moja," akajibu, kwa upole kabisa.

Nikahesabu kwa vidole, nimeficha mkono nyuma. Mtoto huyu alizaliwa miezi mitatu baada ya sisi kuzika. Maana yake wakati nalala kwenye sakafu ya wodi hii hii, mama yake alikuwa na mimba ya miezi sita.

Mlango ukafunguka. Mume wangu akaingia na chupa ya chai mkononi.

Sikupiga kelele. Niliwahi kusoma simulizi za wake wanaorarua nguo za michepuko, nikawa najiambia ningekuwa mimi ningefanya zaidi. Wapi.

"Umempa hadi jina," nikamwambia.

"Nilitaka lisipotee."

"Lilikuwa halijapotea. Lilikuwa kwenye kompyuta yangu."

Yule mwanamke akasimama, chozi linamlenga.

"Dada, mimi niliambiwa mliachana baada ya msiba."

Sikuwa na ugomvi naye, na sikuwa na huruma naye pia. Nilimwangalia mume wangu.

"Ulijua orodha ile niliianzisha kwa sababu gani."

"Najua."

"Ukaifungua kwa jina lake."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mwanaume mzima, akaanza kulia mbele ya wauguzi.

"Ana tundu lile lile la moyo. Lile lile, mke wangu. Ningefanya nini? Nikae nihesabu miezi tena? Nimemsogeza mmoja tu."

"Hata mwanetu alikuwa mmoja tu."

"Usimrudishe," akasema. "Nakuomba. Niache mimi, nifukuze, nifunge, lakini usimrudishe. Huyu ni ndugu yake."

Mtoto akainua kichwa aliposikia baba yake analia. Akaninyooshea ule mfuniko wa chupa, akitaka niupokee.

Sitawadanganya. Pale nilisimama muda mrefu. Ningenyamaza, Daktari Mkuu asingepata jibu, orodha isingefunguka bila nywila yangu, ningepoteza kazi, na mtoto mwenye masikio ya mwanangu angepasuliwa. Chini mapokezi kulikuwa na binti mwenye midomo ya bluu ambaye hana baba fundi wala mtu anayejua kuhesabu nyota.

Niliupokea ule mfuniko, nikauweka mezani, nikashuka.

Nilimweleza Daktari Mkuu kila kitu, na yule wa pembeni, na jina. Alinisikiliza bila kunikatisha. Kisha akanirudishia kiti.

"Rekebisha mbele yangu."

Nikaandika jina. Nikakosea herufi, fomu ikanikatalia: nywila si sahihi. Nikarudia, ikakataa tena. Mara ya tatu nyota saba zikakaa sawa. Nikamtoa mtoto wa mume wangu namba sita nikamrudisha kumi na tisa. Binti akapanda, akawa wa kumi na mbili. Nikachapa orodha mpya na kuibandika mwenyewe.

Yule mama aliyenipiga aliisoma, akambeba bintiye mgongoni, akapanda wodini.

Mume wangu nilipishana naye kwenye ngazi. Amebeba mtoto, mwenzake amebeba begi.

"Umemuua," akaniambia.

Binti alipasuliwa Ijumaa iliyofuata, siku ya mwisho. Nasikia siku hizi anakimbia.

Mimi je? Daktari Mkuu aliniita Jumatatu.

"Umesema kweli, nakushukuru," akasema. "Lakini ulifunga orodha ya watoto wa watu kwa jina la mwanao. Siwezi kukurudisha pale."

Niko stoo ya mashuka. Nahesabu yaliyokuja na yaliyokwenda kufuliwa. Nyumbani nabaki mwenyewe. Dada Kalamu ndiye anayeshika orodha, na siku ya kwanza alishuka stoo kuniuliza aweke paswedi gani.

"Weka neno lisilopendwa na mtu," nikamwambia.

Wapendwa, hilo ndilo somo langu, limenigharimu. Fomu yangu haikuwa na kasoro hata moja. Iliwazuia wote wasionijua. Anayenijua hakuhitaji kuona hata herufi moja, na huyo ndiye aliyeachiwa kiti changu anisubiri.

Mtaniuliza kuhusu yule mtoto. Kumi na wawili waliomtangulia wamepasuliwa, hali yake imepimwa upya, sasa ni namba saba kihalali. Madaktari wanarudi baada ya miezi minne. Dada Kalamu ananiambia bila mimi kumuuliza.

Namwombea kila asubuhi, saa ile ile niliyokuwa nawasha kompyuta. Msidhani nimesamehe, sijamsamehe mtu. Ila jina lile nimelizika mara moja, na kulizika tena sina nguvu.